Esanse ya kutia katika RAV4 ya Japani

Yaya, kama RAV4 yako ya Toyota imetoka Japani, usihangaike kutafuta esanse (petroli) ya oktani 95. Nyingi zilitengenezwa kwa esanse ya kawaida ya kwao, oktani 89 na kuendelea. Oktani kubwa haiongezi nguvu, inazuia tu mafuta kulipuka mapema ndani ya motere, ndiyo kugonga. Tena hapa Goma tuko karibu mita 1,500, hewa nyepesi, motere haigongi kirahisi. Gari yenye tabo (turbo, pampu ya kusukuma hewa ndani ya motere) ni mambo mengine, soma kwanza kifuniko cha tangi.

Mimi naogopa maji ndani ya esanse kuliko oktani. Siku moja nilinunua chupa kwa kadafi, muuzaji wa esanse wa barabarani, gari likazima katikati ya mlima! Siku hizi najaza stasioni, hata foleni iwe ndefu.