Laptop inazimwa kila usiku lakini bado nzito

Ndugu, umesema laptop yako ya Windows 10 unaizima kila usiku, lakini ikifika Ijumaa inakuwa nzito, na unauliza iwashwe upya mara ngapi. Kwa matumizi ya nyumbani mara moja kwa wiki inatosha, na kila inapomaliza kusakinisha masasisho. Ila bonyeza Restart, siyo Shut down. Tangu Windows 8, ukiizima kawaida, mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili uwake haraka kesho, kwa hiyo uchovu wa jana unaamka nao. Restart ndiyo huanza upya kabisa.

Hakikisha mwenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU, utazame Up time, yaani muda tangu mfumo uanze upya kabisa. Wengi hushangaa kukuta siku kadhaa! Hapo hapo, kwenye Startup, zima programu zinazojiwasha bila kuitwa.

Ikibaki nzito hata baada ya Restart, shida ni nyingine: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndogo, diski iliyochoka au virusi. Ukisikia diski inagonga, nakili mafaili yako kwanza, ndipo uipeleke kwa fundi. Na usiizime kwa kushikilia kitufe inapojisasisha, hata ikichelewa.