Kwa Mnaoanza Kushika Malango ya Kumbukumbu

Wadogo zangu, wiki hii nimepokea kwenu michoro mitatu ya kukarabati lango la kumbukumbu la chuo kikuu, na yote mitatu imeandikwa "viungo vijazwe kwa saruji", yaani nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe. Nimeshindwa kunyamaza.

1. Msiguse upana wa nguzo. Tao la mawe husukuma kwenda pembeni, na uzito wa nguzo ndio unaolizuia. Kama gari la zimamoto halipiti langoni, litafutieni njia nyingine.

2. Chokaa. Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa lango dogo la mawe ya chokaa, lenye majina ya wanafunzi waliokufa vitani yaliyochongwa kwenye nguzo ya kushoto. Viungo vilikuwa vinamomonyoka ukivigusa. Nikaona ulaini ule ni udhaifu, nikaandika saruji moja kwa mchanga tatu. Fundi mwashi mzee aliniuliza mara mbili, "Kijana, una hakika?" Nikamjibu kwamba mchoro umeshasainiwa. Siku ya makabidhiano lango lilipendeza sana.

Sikuelewa kwamba kiungo laini ndicho kinacholipumulia jiwe. Maji yanayoingia ukutani hutoka nje kupitia chokaa ya viungo. Nilipoziba njia hiyo, yalitafuta uso wa jiwe na kutoka na chumvi, na misimu michache baadaye mawe yakaanza kubanduka magamba. Herufi zilitangulia. Bibi mmoja aliyekuwa akija kila mwaka kugusa jina la kaka yake alikuta limebaki nusu. Hakunigombeza. Alininyooshea kidole kilichojaa unga wa jiwe, basi.

Tuliitoa saruji ile kwa tindo na nyundo, kiungo kwa kiungo, tukarudisha chokaa. Jina halikurudi. Kwa hiyo kabla jukwaa la mafundi halijasimama, bandikeni karatasi juu ya kila jina, mlisugue kwa penseli, mhifadhi nakala.

3. Bamba la shaba nyeusi likikaa juu ya jiwe jeupe, mvua itashusha kijani ukutani. Ukingo wa juu uwe na mfereji wa matone kwa chini, ili maji yadondoke mbali na ukuta. Pini za chuma cha kawaida hapana: kutu huvimba na kupasua jiwe.

4. Ulizeni lango linafunguliwaje, na lini. Wosia wa Augustus Van Wickle ulijenga malango mawili Marekani. La Chuo Kikuu cha Brown, la 1901, hufunguliwa kuelekea ndani kuwapokea wanafunzi wapya, na kuelekea nje siku ya mahafali. La Chuo Kikuu cha Princeton, la 1905, linamkumbuka Nathaniel FitzRandolph, aliyetoa ardhi ya chuo. Kwa miaka mingi lilikuwa likifungwa, mpaka wahitimu wa 1970 walipoomba libaki wazi. Sasa mmoja wenu amegeuza bawaba ili mlinzi asihangaike! Kageuze tena, mdogo wangu.

Michoro iko mezani kwangu. Kesho njooni na penseli laini na karatasi kubwa, tuanze na nguzo ya kushoto.