Fedha za dharura haziruhusiwi kuchimba kisima?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, Ukerewe. Ziwa limefura, kaya 60 zenye watu 320 zimehama mwaloni na zinalala shule ya msingi. Shirika moja limekubali kutusaidia maji, ila linasema fedha zake ni za dharura, haziwezi kuchimba kisima. Tutaletewa maji ya boza kwa miezi mitatu. Ni kweli, au tunazungushwa?

Jibu: Ndugu katibu, poleni sana. Hamzungushwi. Fungu la dharura hutolewa kwa masharti: liokoe maisha, liishe ndani ya miezi michache, na limfuate mwenye shida kubwa zaidi bila kuangalia kabila, dini wala chama. Fungu la maendeleo hupitia mipango ya halmashauri na huchukua miaka. Kisima kirefu kinadai utafiti wa maji ardhini, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na chombo cha watumia maji kitakachomlipa fundi pampu ikifa. Kikichimbwa haraka haraka bila hayo, huwa hakidumu.

Hata hivyo, boza miezi mitatu mfululizo nisingeikubali kirahisi. Fedha zinaishia kwenye dizeli, na mwezi wa nne mnabaki na madumu matupu. Kati ya boza na kisima kuna mambo mengi ambayo fedha za dharura kwa kawaida huyaruhusu: kukarabati pampu iliyokufa, kuvuta bomba la muda kutoka mradi wa maji uliopo, kununua tangi, mabomba na dawa ya klorini. Ombeni hayo.

Nendeni na hesabu. Mashirika mengi hufuata viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vilivyoanza kuandaliwa 1997 baada ya janga la wakimbizi wa Rwanda la 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya watu Goma. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka Ngara ilivyofurika wakimbizi mwaka huo. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 320 wanahitaji lita 4,800. Tangi la lita 5,000 linalojazwa kila siku linatosha kwa shida. Bomba moja la kuchotea huhudumia watu wasiozidi 250; wekeni mawili, yasiwe zaidi ya mita 500 kutoka wanapolala. Choo ni tundu 1 kwa watu 20, yaani matundu 16, mengi yakiwa ya wanawake, na wao ndio waseme yajengwe wapi. Chumba cha darasa cha mita 9 kwa 7 kinalaza watu 18 kwa kipimo cha mita za mraba 3.5 kwa mtu. Mkiwalaza 40 humo, semeni wazi kwenye barua yenu kwa shirika.

Msiruhusu watu kuchota ziwani moja kwa moja kwa sababu boza limechelewa. Hofu si kipindupindu tu. Watoto wanaoingia majini kuchota hupata kichocho. Kwenye bomba, klorini inayobaki iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ipimwe kila siku na mtu mliyemteua.

Jambo linalosahaulika sana: kama kijijini kuna kioski cha maji cha jamii, maji ya bure ya miezi mitatu yatakiua, kwa sababu hakuna atakayelipia ndoo. Liambieni shirika linunue maji hapo na kuwapa waathirika kuponi. Watu wanakunywa, na kioski kinapata fedha ya matengenezo.

Barua iandikwe sasa, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mkataba utaje kwamba tangi na mabomba vitabaki shuleni baada ya miezi mitatu, na nani atavitunza. Kisima kiombeeni huko huko RUWASA, kwa barua nyingine, kiingie kwenye bajeti ijayo.