Ukurasa wa Walenga Shabaha: Kwa Nini Risasi Hupita Juu ya Ubao

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu masafa marefu, kuanzia mita 300 kwenda mbele. Tumechagua sita. Majibu yetu ni kwa mwenye cheti cha silaha, anayelenga kwenye uwanja ulioidhinishwa wenye tuta la kuzuia risasi na msimamizi anayetoa amri.

Bunduki yangu ni .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi), mtutu wa inchi 20, na risasi za kiwandani zenye kichwa cha greni 175 (karibu gramu 11). Kwa mita 100 zinaingia karibu tundu moja. Kwa mita 800 nafuata programu ya simu inayokokotoa kuanguka kwa risasi, neno kwa neno, lakini risasi zinapita juu kwa karibu nusu mita. Shinikizo la hewa nimeweka hektopaskali 1,020 kama simu inavyoonyesha. Ubovu uko kwenye bunduki au kwenye darubini?
*Msomaji, Syokimau*

Ubovu uko kwenye hiyo 1,020. Habari za hali ya hewa hutangaza shinikizo lililorekebishwa liwe kana kwamba kila mji uko usawa wa bahari, ili ramani ya Mombasa na ya Nairobi ziweze kulinganishwa. Risasi yako haijui ramani. Inapita kwenye hewa iliyopo. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari, na kwa urefu huo shinikizo halisi ni karibu 833. Ulipoandika 1,020 uliiambia programu kwamba umelala kwenye mchanga wa Likoni.

Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Risasi inapunguzwa kasi kidogo, inafika mapema na inaanguka kidogo. Kwa .308 kwenye mita 800 tofauti hiyo inazidi nusu mili (mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali), na kwa umbali huo nusu mili ni sentimita 40. Ndiyo nusu mita yako hiyo.

Tiba ni moja kati ya mbili. Ama usome shinikizo halisi kwa kipimo cha mkononi ukiwa palepale uwanjani, uliandike, na uzime sehemu ya programu inayorekebisha kwa mwinuko. Ama uandike mwinuko wa uwanja na uiache programu ikokotoe shinikizo yenyewe. Usifanye yote mawili. Ukiandika 833 kisha ukaongeza mita 1,600, baadhi ya programu zitapunguza hewa mara mbili na sasa utapiga chini.

Halijoto nayo ina uzito. Kwenye uwanja wa mita 1,600, saa moja asubuhi kukiwa na nyuzi 14, hewa ni nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa karibu mita 1,950. Saa nane mchana, nyuzi 28, inakuwa kama ya mita 2,450. Kwa hiyo jedwali la asubuhi usilitumie alasiri bila kulipitia upya.

Liko kosa la pili ambalo huenda limejificha chini ya hili. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Wako ni wa 20, na kila inchi inayopungua hula takribani mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Kasi iliyotiwa chumvi hukufanya upige chini, na shinikizo lisilo sahihi hukufanya upige juu. Makosa haya mawili yanaweza kufutana kwenye mita 500, ukaamini kwamba kila kitu kiko sawa, kisha yakaachana kabisa kwenye mita 800. Ndiyo maana tunasisitiza mpangilio huu: kwanza rekebisha shinikizo, pili pima kasi yako mwenyewe kwa kipima kasi, risasi kumi, uchukue wastani, mwisho kabisa, kama bado kuna pengo kwenye umbali mrefu, ndipo uguse tarakimu ya umbo la risasi, ile inayoonyesha jinsi inavyokata hewa. Anayebadilisha tarakimu ovyo hadi ziafikiane na ubao amepata jibu la siku hiyo tu.

Unapopima kasi, tazama pia tofauti kati ya risasi na risasi. Tofauti ya mita 15 kwa sekunde kwenye mita 100 ni milimita 3 hivi, huwezi kuiona. Kwenye mita 800 ni karibu sentimita 30 za juu na chini. Tundu moja la mita 100 halikuhakikishii chochote huko mbali.

Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza ya masafa marefu. Wengine wananiambia .308, wengine 6.5 Creedmoor (risasi nyembamba zaidi). Nichukue ipi, na fedha nyingi niziweke wapi?
*Msomaji, Ruaka*

Kwa karatasi, 6.5 Creedmoor inashinda. Hukata upepo vizuri zaidi, teke lake ni dogo, na tangu kampuni ya Hornady iitoe mwaka 2007 bunduki nyingi za kiwandani zimetengenezwa kwa ajili yake. Lakini mtutu wake huchakaa kwa kiwango cha ushindani baada ya risasi 2,500 hadi 3,000 hivi, ilhali wa .308 unaweza kufika 5,000.

Hapa kwetu swali la kwanza ni lingine: ni risasi gani za shabaha utakazozipata mwaka mzima, za aina moja, kwa muuzaji mwenye leseni? Kuagiza nje kunahitaji kibali, na cheti chako kinataja silaha na risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Tembelea wauzaji wawili au watatu kabla ya kuamua, uwaulize walichonacho rafuni leo na walichokuwa nacho miezi sita iliyopita. Jibu lao lina uzito kuliko majedwali yote. Ukipata zinazofaa, nunua boksi kadhaa zenye namba moja ya toleo kadiri cheti kinavyoruhusu, kwa sababu toleo jipya laweza kubadilisha kasi na kukulazimu kuanza upya.

Kuhusu fedha: bunduki ya kawaida ya bolti (ya kukoki kwa mkono kila risasi) yenye mtutu mnene inatosha. Weka nguvu kwenye darubini na pete zinazoishikilia. Darubini iwe na msalaba (mistari ya kulengea ndani yake) na nobu (vitufe vya kuzungusha ili kusogeza msalaba) za kipimo kimoja, mili kwa mili. Ukiwa na msalaba wa mili na nobu za dakika za pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja), kila marekebisho ni hesabu ya kuzidisha kwa 3.44 huku upepo ukibadilika. Kliki moja ya mili 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100 na sentimita 8 kwa mita 800. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuikokotoa.

Uliza pia jumla ya safari ya nobu ya juu. Darubini yenye mili 20 kwa jumla hukupa 10 tu kupanda kutoka katikati, na .308 inazimaliza ukielekea mita 900. Reli (kipande kinachobeba darubini juu ya bunduki) iliyoinamishwa dakika 20 za pembe hukuongezea karibu mili 6. Ni kipande cha chuma cha bei ndogo kinachookoa darubini nzima.

Nilifunga darubini mpya mwenyewe. Risasi tatu za kwanza zilikaa vizuri, wiki iliyofuata zimetawanyika sentimita 6 kwa mita 100. Je, darubini imekufa?
*Msomaji, Lang'ata*

Pengine haijafa. Anza na skrubu. Zilizolegea huachia kwa kila teke, na zilizokazwa kupita kiasi hubana bomba la darubini hadi nobu zikaanza kukwama. Fungua zote, pangusa mafuta kwenye nyuzi za skrubu na ndani ya pete, kisha kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Skrubu za vifuniko vya pete kwa kawaida huhitaji nyutoni-mita 1.7 hadi 2, ukienda kwa msalaba kama unavyokaza nati za gurudumu. Boliti za pete kwenye reli hukazwa zaidi, mara nyingi 5 hadi 7. Za kitako hutegemea mtengenezaji, kwa hiyo soma kijitabu chake. Kabla ya kukaza boliti za reli, sukuma pete mbele mpaka ziguse ukingo wa mfuo wa reli. Teke likija hakuna pa kuteleza.

Halafu, risasi tatu ni chache mno kwa hukumu yoyote. Piga kumi. Huenda hata zile tatu "nzuri" zilikuwa bahati tu, na sentimita 6 ndiyo hali halisi ya bunduki na risasi hizo.

Ukishakaza, ipime darubini yenyewe. Pima mita 100 kwa futi kamba, usitegemee vigingi vya uwanja. Tundika ubao mrefu wenye mstari wa timazi, piga risasi tano chini, pandisha mili 10, piga tano nyingine ukilenga palepale pa kwanza. Kati ya makundi mawili lazima uone sentimita 100. Ukipata 97, darubini inadanganya kwa asilimia 3. Iandikie programu tarakimu hiyo na maisha yataendelea. Ukipata 100 leo na 94 kesho, rudisha dukani.

Kwa mita 100 napiga katikati. Kwa mita 800, hata bendera zikiwa zimelala, risasi ziko kulia kwa sentimita 40. Nivute kifyatuo namna gani?
*Msomaji, South B*

Kifyatuo kiache kwanza. Bunduki yako imeinama kulia. Ukipandisha mili 9 huku bunduki imeinama nyuzi 2, sehemu ya kupanda huko inageuka kuwa kwenda pembeni: karibu mili 0.3, yaani sentimita 25 kwa mita 800. Kwa mita 100 hujapandisha chochote, ndiyo maana huoni kitu.

Sentimita 15 zilizobaki ni za mzunguko wa risasi. Mtutu uliochongwa kuzungusha kulia husogeza risasi kulia kidogo kidogo, na kwa .308 kwenye umbali huo ni takribani kiasi hicho. Programu nyingi hukokotoa jambo hili ukiwasha sehemu yake.

Fundi wa ujenzi anajua dawa ya kuinama: pima maji na timazi. Ning'iniza timazi, funga bunduki ikiwa imenyooka, zungusha darubini mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi, kaza pete, kisha funga pima maji ndogo kwenye bomba. Itazame kabla ya kila risasi ya mbali. Jicho peke yake halitoshi, hasa ukilala kwenye ardhi yenye mteremko.

Upepo wa nyanda za Athi unanishinda. Kuna kanuni rahisi?
*Msomaji, Mlolongo*

Ipo, na kwa mwinuko wetu ni nyepesi kukumbuka. Kwa .308 ya greni 175, upepo wa kilomita 8 kwa saa unaokatiza moja kwa moja hutaka marekebisho ya mili 0.1 kwa kila mita 100. Kwa mita 300 ni 0.3, kwa 600 ni 0.6. Upepo ukiwa kilomita 16, zidisha mara mbili. Kanuni inafaa hadi mita 700 hivi. Zaidi ya hapo rudi kwenye jedwali.

Kisha tazama pembe. Upepo unaokuja kwa nyuzi 30 kutoka mstari wako wa kulenga una nusu ya nguvu. Wa nyuzi 45 una 0.7, na wa 60 uhesabu kama mzima. Hapo ndipo wengi hukosea: huona upepo "unatoka mbele" na kuupuuza, kumbe nusu yake iko ubavuni.

Jua likipanda, tumia mazigazi. Rudisha fokasi ya darubini ya kutazamia kidogo, mbele ya ubao, hadi uone hewa ikitiririka kama maji. Ikilala kwa kasi upande mmoja, upepo una nguvu. Ikipanda wima kama sufuria ya uji, upepo umekata au unakujia usoni, na mara nyingi uko karibu kugeuka. Usipige wakati huo. Subiri hali uliyoizoea irudi, kwa sababu ni afadhali kusubiri dakika mbili kwenye hali unayoijua kuliko kukisia kwenye usiyoijua.

Nafasi ya mita 800 naipata mara chache kwa mwaka. Nifanye mazoezi gani kati yake?
*Msomaji, Buruburu*

Tumia bunduki ndogo ya .22. Risasi ya kawaida ya .22, inayoruka karibu mita 325 kwa sekunde, darubini ikiwa imewekwa ipige katikati kwa mita 50, hutaka mili 7 hadi 8 kufikia mita 200. Hizo ni mili ambazo .308 huzitaka kwa takribani mita 700. Utageuza nobu, utasoma upepo na kuandika daftari vilevile, kwa gharama ndogo na kwenye uwanja mfupi. Iwekee darubini yenye msalaba sawa na wa bunduki kubwa, na hakikisha inaweza kufokasi mita 50, kwani baadhi hazishuki chini ya mita 90.

Nayo inahitaji cheti kama bunduki nyingine yoyote. Hata bunduki ya hewa, uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujaagiza.

Nyumbani, bunduki ikiwa tupu, imekaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, lala chini na ufyatue dakika kumi kwa siku ukitazama msalaba. Msalaba ukiruka wakati kifyatuo kinapoachia, ujue uelekeo uliorukia na uandike. Huenda kidole gumba kinabana kitako. Kilegeze, kiweke upande mmoja na vidole vingine, halafu rudia.