Kabla hujamwandikia kemo ya karboplatini mzee wa kilo 41

Wadogo zangu mlioanza kliniki ya saratani mwezi huu, jana nimekuta mafaili matatu yameandikwa ECOG 1. ECOG ni kipimo cha nguvu za mgonjwa: 0 ni mzima kabisa, 1 anatembea na kuweza kazi nyepesi, 4 halinyanyuki kitandani. Wote watatu waliingia kwa kiti cha magurudumu. Mbele ya wagonjwa nilinyamaza, leo sinyamazi.

1. Usimuulize mzee wa Kigogo hali yake ukaandika jibu. Ukishamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, atakujibu mzima hata kama amebebwa mpaka mlangoni. Huo ni uungwana wake. Muulize anayelala naye: nani anamwogesha? Mchana anashinda wapi? Akishinda kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho, huyo ni 3.

2. Mpime uzito mwenyewe, leo, bila koti wala viatu. Na mtazame mikono.

Hapa ndipo nilipoangukia. Alikuwa mzee wa miaka 74 kutoka upande wa Bahi, saratani ya mapafu imeshafika kwenye ini. Alikuwa amemaliza dozi ya TB ya miezi sita kabla hajatolewa kinyama cha kupima saratani. Alikuja na koti la suti, akatembea kutoka kwenye benchi hadi mezani kwangu, nikaandika 1. Kreatinini yake, taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa 40, ndogo. Nikafurahi, nikasema figo hizi ni za kijana. Cockcroft-Gault, hesabu ya kasi ya figo kwa umri, uzito na kreatinini, ikanipa 83. Nikaingiza kwenye Calvert, hesabu ya dozi ya karboplatini: AUC (kiwango cha dawa kinacholengwa mwilini) 5, mara jumla ya 83 na 25, miligramu 540, na paklitakseli, kemo nyingine, ya kila wiki tatu juu yake.

Hesabu ilikuwa sawa. Mtu ndiye sikumtazama. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na chini ya lile koti misuli ilikuwa imekwisha. Ningechukua kreatinini ya 62 kama kiwango cha chini, wanavyofanya wengi kwa waliokonda, figo zingesoma 54 na dozi ingekuwa kama 395.

Siku ya kumi homa ikapanda. Mwanawe akampeleka zahanati, wakamtibu malaria, nao hawakukosea: sikuwapa karatasi, sikuwaeleza neno. Siku ya 12 akafika kwetu, neutrofili, chembe nyeupe za kupigana na maambukizi, 0.1, karibu zimekwisha. Usiku wa pili akafariki. Mkewe alinishika mkono, akanishukuru, kisha akasema taratibu tu kwamba tangu mavuno mzee hakuwahi kwenda chooni peke yake. Alikuwa amekaa pembeni yake siku ile kliniki. Sikumuuliza kitu.

3. ECOG 2 msimnyime dawa kwa huruma. Utafiti wa Brazili na Marekani uliochapishwa 2013 ulichukua wagonjwa 205 wa saratani ya mapafu wa ECOG 2: waliopata karboplatini na pemetreksedi, kemo nyingine, waliishi wastani wa kati wa miezi 9.3, wa pemetreksedi peke yake 5.3. Lakini wanne kwenye kundi la dawa mbili waliuawa na matibabu, kwa hiyo iambieni familia yote mawili. Pemetreksedi si ya skwamasi, aina mojawapo ya saratani ya mapafu. Vitamini za foliki na B12 zianze wiki moja kabla yake.

4. Kifua kikiwa na maji, yanyonye kwanza kwa sindano, kisha pima ECOG upya. Nimeona 3 akarudi kuwa 2 ndani ya siku mbili.

5. ECOG 3 mwenye mabadiliko ya EGFR, jeni ya saratani yenye kidonge chake, anastahili kidonge hicho, na wengine huinuka kweli. Asiye nayo, kemo itamchukulia siku zake bure. Mpe morfini ya kunywa, mpe na dawa ya kulainisha choo, mwache akae kwao na watu wake.

6. Karatasi ya homa iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa: joto likifika 38 baada ya kemo, njoo usiku huohuo. Ongezeni mstari kwa ajili ya mganga wa zahanati: hata kipimo cha malaria kikiwa chanya, mlete.

Mafaili yale matatu yako mezani kwangu. Anzeni na bibi wa Kongwa. Binti yake yuko kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi.