"Asali Safi" kukataliwa kama alama ya biashara

Dada, umeuliza kwa nini Msajili amelikataa jina "Asali Safi" wakati hakuna mwingine anayelitumia. Tatizo ni jina lenyewe. Linaitaja bidhaa na sifa yake, basi. Kila mfugaji wa nyuki anahitaji kuandika "asali safi" kwenye chupa yake, kwa hiyo sheria haiwezi kukumilikisha wewe peke yako. Alama lazima imwezeshe mteja kutofautisha mali yako na ya jirani. Angalia "Apple": kwa muuza matunda haifai kitu, kwa kompyuta inafaa kabisa, kwa sababu tufaha na kompyuta haviingiliani.

Sababu nyingine inayoangusha wengi ni kufanana na alama iliyokwisha sajiliwa kwa bidhaa za aina hiyo hiyo. Usidhani kubadilisha herufi moja kutakuokoa. Jina husikilizwa pia linavyotamkwa. Na usiandike "Asali ya Tabora" kama mizinga yako iko Kilosa, hapo utaambiwa unapotosha wanunuzi. Bendera, nembo ya taifa na matusi sihitaji hata kueleza.

Ushauri wangu: tunga neno lisilohusiana na asali, fanya upekuzi kwanza wa alama zilizokwisha sajiliwa kwenye daraja la 30 (alama hupangwa kwa makundi ya bidhaa, na asali iko humo), kisha uombe upya. Na kama unauza Unguja pia, usajili wa Bara haufiki huko. Zanzibar wana sheria yao, utaomba kivyake.