Alipwe kwanza mwenye deni ghali

Swali la juma hili: "Mshahara ukiingia, madeni yote yanaungoja na hautoshi. Nani alipwe kwanza, na nitafanya nini ili nikopeshwe tena?"

Alipwe kwanza yule ambaye deni lake ni ghali kwa mwezi, hata kama ni dogo na mwenyewe ni mpole. Hapa Lubumbashi huyo karibu kila mara ni Bank Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani wa faida kubwa, si benki ya kweli. Tuseme umechukua dola 100 za kurudisha 150 mwisho wa mwezi. Ukikosa, anakubali umpelekee 50 za faida tu, na hapo ndipo watu wanapozama: baada ya miezi minne umeshatoa dola 200, na zile 100 ziko palepale. Kama ameshika karte yako ya benki pamoja na kode (namba ya siri), basi mshahara ni wake, wewe unapewa masalio.

Njia nafuu ya kumtoka ni likelemba, yaani kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu. Mkiwa kumi wa dola 20, omba zamu ya kwanza. Katika hizo 200, zile 150 za Lambert ziende kwake siku ileile, zisilale nyumbani, kisha utoe 20 kwa zamu tisa zilizobaki bila faida. Lakini ukishapokea ukaanza kujificha, mtaa mzima utajua.

Deni la COOPEC, chama cha akiba na mikopo, usiliache lipitwe na tarehe. Likipita siku 30, kwa kawaida ajenti wa kredi anahesabu salio lote kuwa hatarini, si ile sehemu moja uliyokosa, na mdhamini wako anaitwa. Ukiona mwezi huu hutaweza, peleka barua mapema uombe kupangiwa upya, na utaje kiasi unachoweza kweli. Mwenye duka asiyedai faida, ongea naye. Umpe kidogo kidogo kwa tarehe mnayokubaliana.

Wengine wanakopa COOPEC ili kumlipa Lambert. Inafaa, ila uliza kwanza faida inahesabiwa juu ya nini. Dola 600 kwa miezi sita, asilimia 3 kwa mwezi: ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo, faida ni dola 108. Ikihesabiwa juu ya salio, huku ukirudisha 100 kila mwezi, ni 63. Asilimia ni ileile! Tena, wakikufungia akiba ya dola 120, unatumia 480 na kulipia faida ya 600, bado pesa ya dosye (ya kushughulikia maombi ya mkopo).

Anayelipwa kwa franka na kudaiwa kwa dola abadilishe sehemu ya deni siku ya mshahara, asibahatishe bei ya wiki ijayo.

Kuhusu kukopeshwa tena: ukimaliza, dai cheti chenye muhuri kinachosema hudaiwi. Banque Centrale du Congo ina Centrale des risques, yaani daftari ambamo wakopeshaji wanatangaza mikopo waliyotoa. Deni lililokwisha likionekana bado liko wazi, cheti hicho ndicho utakachompelekea aliyelitangaza ili alirekebishe. Halafu anza na mkopo mdogo, uulipe kwa tarehe zake. Na kabla ya kusaini mkopo wa kikundi, angalia nani wako ndani, kwa sababu mmoja akikimbia, sehemu yake mtagawana ninyi mliobaki.